Tangi jipya la vepu: osha chuma na kioo, koili iache kavu

Mkuu, umeuliza kama tangi jipya la vepu, ile sigara ya umeme, uliloweke zima kwenye maji ya moto, pamoja na koili zake mbili (vipande vyenye waya unaopasha moto), kabla hujatia juisi, yaani kile kimiminika chenye ladha kinachogeuka mvuke. Tangi lioshe. Koili usizitie maji. Hilo la pili nimelijua kwa hasara, ndiyo maana naandika kirefu.

Tangi langu la kwanza sikuliosha kabisa. Lilikuja kwenye boksi zuri, limefungwa nailoni, nikajua ni safi. Nikatia juisi ya embe, nikavuta, kilichofika mdomoni ni mafuta ya cherehani, embe lenyewe linasikika kwa mbali. Vyuma vile hukerezwa kwenye mashine, na mafuta ya kukerezea hubaki kwenye thredi, pale vipande vinapofungana. Pitisha tishu nyeupe humo, kisha itazame.

La pili nikajifanya mjanja, nikaloweka kila kitu, na koili humo humo. Nikaianika dirishani siku nzima, kwa nje ikawa kavu kabisa. Kumbe koili ya kiwandani ina pamba ndani, imebanwa kwenye kibomba cha chuma, huwezi kuifikia. Nilipobonyeza ikatatarika kama mafuta ya vitumbua yaliyoingia maji, ikanirushia matone ya moto kwenye ulimi. Kesho yake nikaitupa.

Siku hizi nafungua tangi lote: mdomo, kifuniko, kioo, kitako. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, nazitoa kwa kucha, kisu hapana, maana ikikwaruzwa kidogo tu juisi itakuvujia mfukoni. Zipige picha kwanza kwa simu. Zinafanana, ila hazilingani. Halafu maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, robo saa, na mswaki wa zamani kwenye thredi. Sabuni yenye harufu kali achana nayo. Niliwahi kutumia ya limau, nikavuta limau wiki nzima. Suuza hadi utelezi uishe.

Wanaoshauri kuchemsha kwenye sufuria siwaungi mkono. Kioo kikitoka kwenye maji yanayotokota ukakipeleka moja kwa moja bombani kinaweza kupasuka, na tangi la plastiki linaweza kupinda.

Likauke usiku kucha. Katikati ya kitako kuna pini ya umeme, na maji yakibaki hapo mashine yenye betri itakusomea omu (kipimo cha ukinzani wa koili) za ajabu au itakwambia haioni tangi.

Sasa koili. Dondosha juisi matone manne au matano kwenye matundu ya ubavuni, pale pamba inapoonekana, na tone moja kwa juu. Usilijaze tundu la katikati, hiyo ni njia ya hewa. Funga, jaza tangi, subiri dakika 10. Hapa ndipo wengi tunaharibu kwa haraka zetu: pamba kavu ikikutana na waya wa moto inaungua papo hapo, na ile ladha ya kuungua haitoki tena hata ufanye nini. Wati zimeandikwa kwenye koili yenyewe. Yangu ya omu 0.4 imeandikwa 50 hadi 60, mimi naanza na 40 kisha napanda taratibu.

Kama tangi lako ni lile la kusokota waya mwenyewe, mambo ni tofauti. Waya mtupu unaweza kuuosha, hata kuuchoma kwa wati ndogo kabla ya kuweka pamba. Ila wa titani au nikeli usiufikishe kwenye wekundu.

Na kazi hii ifanyie mbali na watoto. Nikotini ni sumu na hupenya kwenye ngozi, kwa hiyo juisi ikikumwagikia vidoleni nawa hapo hapo. Kile kifuko kidogo cha oringi za ziada kilichomo kwenye boksi usikitupe. Ikikatika moja, kuipata ya saizi hiyo hiyo mtaani ni shughuli.