Oili inatoka kwenye bomba la kupumulia la injini, niizibe?

SWALI: Shikamoo fundi. Nna pikipiki ya mchina CG 150, naipigia bodaboda mwaka wa tatu sasa. Siku hizi lile bomba la mpira linalotoka kwenye injini kwenda eakilina (boksi la kuchuja hewa) linatema oili, mpaka sponji inaloa na pikipiki inakosa nguvu mlimani. Fundi wa kijiweni kwetu anasema tuchomoe bomba, tuzibe na bolti, alafu niwe natumia oili nzito. Hela ya kufungua injini sina kwa sasa. Nizibe tu au kuna njia nyingine?

JIBU: Marahaba. Usizibe. Na kama umeshaziba kabla hujasoma hapa, nenda kachomoe hiyo bolti kwanza ndo urudi tuendelee.

Hii kesi naletewa karibu kila wiki na kinachoniumiza sio oili, oili ni kitu cha kufuatilia tu, kinachoniumiza ni hilo wazo kwamba bomba ndo linavuja. Halivuji hilo. Limewekwa hapo na aliyeunda injini ili injini ipumue. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyoko chini yake kwenye krankesi, yaani tumbo la chini la injini, ikipanda inaivuta tena, na hiyo yako ina pistoni moja, hamna ya pili ya kupokezana nayo, kwa hiyo kila ikishuka inasukuma karibu cc 150 za hewa. Ukiwa kwenye mzunguko wa 6000 kwa dakika hiyo ni mara 100 ndani ya sekunde moja. Juu yake ongeza gesi ya moto inayopenya pembeni ya ringi, zile pete zinazozunguka pistoni, kila mafuta yanapowaka, maana hata injini mpya kabisa inapenyeza kidogo. Vyote hivyo vinataka mlango wa kutokea na mlango wenyewe ndo hilo bomba.

Sasa ukifunga mlango hewa haipotei, inatafuta sehemu dhaifu. Itasukuma sili (mpira wa kuzuia oili) iliyo nyuma ya sproketi ndogo, sili ya shafti ya gia, sili ya kiki, upande wa magneti, gasketi ya blok, hata dipstiki nimeiona inaruka yenyewe. Mwaka jana kijana mmoja kaniletea CG kama yako, anasema kabadilisha sili ya sproketi mara tatu ndani ya mwezi, kila mara anaambiwa sili ni feki. Sili zilikuwa nzima. Kulikuwa na bolti namba 10 ndani ya bomba la kupumulia na klipu juu yake imekazwa vizuri kabisa. Oili ilikuwa inarushwa kwenye cheni, cheni inairusha kwenye tairi la nyuma, na yeye anabeba mama na mtoto kwenye lami yenye mvua. Hajaanguka, nashukuru, ila oili ilipungua bila yeye kujua na pistoni ikakwama. Bolti ya bure imekula blok, pistoni na kazi ya wiki mbili.

Kwa hiyo hilo bomba lichukulie kama mtu anayekupa taarifa. Linakwambia ndani kuna presha kubwa kuliko kawaida, au kuna oili nyingi kuliko kawaida, kazi yetu ni kujua ni ipi kati ya hizo.

Anza na oili maana haikugharimu kitu. Injini ipate moto dakika chache, zima, simamisha kwenye stendi ya katikati, subiri dakika mbili tatu, futa dipstiki, iingize bila kuikaza uzi, iache ikae tu juu ya tundu, alafu soma. Watu wengi sana wanaikaza ndo wanasoma, oili inaonekana juu kuliko ilivyo, na wengine wanapima pikipiki imelala kwenye stendi ya pembeni, oili imekimbilia upande mmoja wanaona imepungua wanaongeza. Alafu kuna wale wa kumimina chupa nzima bila kupima kwa sababu chupa ni ya lita moja, wakati ya zamani haijachuruzika yote. Oili ikizidi alama ya juu krankishafti inaichapa inakuwa povu na povu ndo linalotoka kwenye bomba. Nimeshapunguza oili kikombe cha chai tu na kesi ikaisha hapo hapo, mteja haamini.

Ukiwa umeshika hiyo dipstiki inuse. Ikinuka petroli, au oili imekuwa nyepesi kama maji na kiwango kinapanda wakati hujaongeza, basi nidili ya kabureta, ile sindano inayofunga petroli, haifungi na petroli inashuka kwenye injini usiku kucha sababu koki umeiacha wazi. Hapo badilisha nidili, mwaga oili yote weka mpya, na jenga tabia ya kufunga koki kila ukilaza pikipiki. Usiendelee kuendesha na hiyo oili hata siku moja, oili yenye petroli hailindi chochote.

Ikiwa kiwango kiko sawa na haina harufu, chomoa bomba upande wa eakilina, washa, weka kiganja mbele yake. Kupuliza na kuvuta kwa zamu, pu pu pu laini, ni kawaida ya pistoni moja. Ikiwa inapuliza mfululizo kwa nguvu na moshi unatoka, na ukivuta akseli unaongezeka, ringi au boa (tundu la blok ambamo pistoni inapita) zimechoka. Angalia pia bomba lenyewe halijapinda wala kuziba kwa matope, na ule mrija mdogo chini ya boksi la eakilina wenye kizibo, mwagilia mbali kilichomo. Matone machache baada ya wiki kadhaa wala yasikutishe.

Kuhakikisha ringi, tafuta fundi mwenye geji ya kupima kompresheni, sio wa kuweka kidole kwenye tundu la plagi. Apime kavu, alafu amimine kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, apige kiki apime tena. Ikipanda sana ni ringi na boa, isipopanda angalia valvu. Na moshi wa bluu unaotoka tu asubuhi ukiwasha au ukiachia akseli kwenye mteremko mara nyingi ni sili za valvu, hizo ni bei ndogo na blok haifunguliwi.

Umesema hela ya kufungua huna, naelewa, pikipiki ndo inaleta chakula. Kwa muda weka chupa ya kukinga oili mwisho wa hilo bomba. Ila chupa ina utaratibu wake. Bomba liwe na upana ule ule wa mwanzo, usiliunganishe na kale kamrija kembamba ka petroli, liende juu kwanza alafu ndo lishuke kwenye chupa ili oili nyingine irudi yenyewe kwenye injini. Chupa iwe na tundu la hewa juu, tundu la maana, kwa sababu chupa iliyofungwa kizibo kikabana bomba ni ile ile bolti kwa sura nyingine. Ifunge mbali na ekzosi na mbali na tairi la nyuma, na pale ulipochomoa kwenye boksi la eakilina ndo uzibe, upande wa boksi sio upande wa injini, maana ukiacha wazi injini itavuta vumbi na vumbi litamaliza hizo ringi haraka kuliko chochote. Mwaga chupa kila jioni, na oili iliyotoka humo usiirudishe kwenye injini, ina maji na masizi.

Oili nzito sasa. Kuna mafundi wanachanganya oili ya gia, ile 140, kwenye injini ya pikipiki ili moshi upungue, na kweli unapungua siku chache. Lakini kwenye CG injini, gia na klachi vyote vinaoga kwenye oili moja. Asubuhi ile oili kama uji inachelewa kufika juu kwenye roka zinazosukuma valvu, na klachi inaweza kuanza kuteleza. Tumia namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki na kwenye chupa utafute maandishi ya JASO MA, hiyo ni ya pikipiki zenye klachi inayokaa ndani ya oili. Na zile dawa za kumimina za "kurudisha ringi", ndugu yangu, chuma kilichoshaliwa hakiwezi kuota tena. Hiyo hela weka kwenye kibubu cha ovaholi, yaani kufungua injini na kuitengeneza upya.

Na siku ya ovaholi ikifika, kaa hapo hapo uangalie. Mtu akitaka kuvisha ringi mpya kwenye boa ambayo hajaipima, mkatalie, boa ikiwa imeliwa yai ringi mpya hazikai na mwezi ujao utarudi na oili ile ile. Aingize ringi mpya peke yake ndani ya boa apime mwanya kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia), injini za aina hii mpya unakuta kama milimita 0.15 hadi 0.35, ukifika 0.5 hapo ni kuchonga na kupandisha saizi ya pistoni. Namba iliyopigwa kwenye injini yako huenda ni 162FMJ, hiyo 62 ni upana wa boa kwa milimita, itakusaidia dukani usipewe pistoni ya 125. Mianya ya ringi isipangwe mstari mmoja. Gasketi zivishwe kavu na safi, sio kumwagiwa silikoni kama keki, ile inayobanwa kwenda ndani inakatika inaishia kwenye chujio la oili, na CG haina filta ya kubadilisha, ina wavu mdogo tu na ile ya kuzunguka upande wa klachi. Wavu ukizibwa na silikoni pampu haivuti.

Mpaka hapo endelea na kazi bomba likiwa wazi na chupa yake, pima dipstiki kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, na kiti kiwe na robo lita ya oili chini yake. Ukiona unaongeza robo kila siku mbili, ipumzishe hiyo injini hata kama hela haijatimia, kwa sababu kuichonga blok ni nafuu na ikishakwama hutachonga tena, utanunua.