Gemu za Star Trek kwenye laptopu ya mtumba

Mkuu, umeuliza uanze na gemu gani ya Star Trek, ile tamthilia ya meli za angani, kwenye laptopu yako ya mtumba ya Kariakoo, RAM 4GB. Anza na Elite Force ya mwaka 2000: injini yake, yaani programu inayoiendesha, ni ileile ya Quake III, gemu ya zamani ya kupiga risasi, kwa hiyo mashine haitatoa jasho.

Mimi napenda zaidi Bridge Commander ya 2002. Unakaa kiti cha kapteni, unatoa amri, halafu unasubiri meli igeuke taratibu kama daladala la Mbagala kwenye foleni. Wengine inawachosha, kwangu raha ndiyo hiyo.

Star Trek Online ni ya bure, ila kuishusha inakula bando kweli, na bila intaneti huchezi. Mimi luku iliniishia katikati ya vita, nikabaki naangalia kioo cheusi.