Antivairasi ikilipigia kelele faili la .vdi
Usilifute, na usibonyeze "safisha". Hiyo .vdi ya VirtualBox ni diski nzima ya mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako) ndani ya faili moja. Antivairasi ikikuta humo baiti zinazofanana na kirusi, inaweza kulitia faili lote karantini, yaani kulifungia pembeni, na mashine haiwaki tena. Yalinikuta: gigabaiti 40 zilitoweka kwenye folda nikiwa nakunywa chai.

Lirudishe kutoka karantini, kisha itoe folda hiyo kwenye ukaguzi. Microsoft wenyewe wanashauri hivyo kwa faili za .vhdx, diski za Hyper-V, programu yao ya mashine pepe. Ila folda ya mashine tu, siyo ile unayopitishia faili kati yake na kompyuta yako. Halafu kagua ukiwa ndani ya mashine yenyewe, maana huenda kirusi kipo kweli.