Kumsikilizisha Mume Maneno Fiche Chini ya Kisomo cha Qur'ani

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Ninaishi Mwanjelwa, Mbeya. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni Dar na Tunduma, na mwaka wa nne huu anakunywa pombe. Jirani alinipeleka kwa kijana wa kibanda cha simu. Nikarekodi kwa sauti yangu, "Acha pombe, rudi nyumbani, swali." Yeye akaishusha chini kabisa, akaifunika kwa Surat Ar-Rahman hadi huisikii. Anasema ni teknolojia iliyosajiliwa Marekani. Nimelipa elfu arobaini. Mume akilala naifungulia kwenye spika ndogo, naye hajui. Ustadhi mmoja kaniambia ni ruqya, yaani kisomo cha kutibu, ya kisasa, niendelee. Dada yangu anasema ni uchawi. Na kweli mwezi huu mume amepoa. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu swali lako limenikera na kunihuzunisha kwa pamoja. Limenikera kwa aliyekuuzia na kwa aliyekuhalalishia. Limenihuzunisha kwa ajili yako, maana mke anayeamka usiku wa manane kwenye baridi ya Mbeya kutegesha spika chini ya kitanda hafanyi mchezo.

Ubaya wa pombe tunaujua, tuuache. Tumwendee huyo ustadhi.

Ruqya ina masharti, na mwanachuoni wa hadithi Ibn Hajar ameyataja kuwa wanazuoni wamekubaliana juu yake: iwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu, majina yake au sifa zake, iwe kwa Kiarabu au lugha ambayo maana yake inafahamika, na mtu asiamini kwamba inaponya yenyewe. Mtume (s.a.w.) aliwaambia Maswahaba, "Nionesheni ruqya zenu." Zioneshwe, zisikike, zipimwe. Sasa hii ya kwako ataipima nani, na imetengenezwa ili isisikike? Leo umeweka "acha pombe". Kesho mwenye kibanda atamwekea mwingine "niandikie shamba la Uyole", na juu yake Ar-Rahman ile ile. Ustadhi ataifahamu tofauti kwa sikio gani?

Kumwachia mgonjwa kisomo cha redio asikilize ni jambo jingine, sina neno nalo. Lakini Mwenyezi Mungu amesema Qur'ani inaposomwa tuisikilize na tunyamaze. Huyu kijana ameifanya blanketi la kufunikia maneno ya watu, halafu akatoza pesa. Hilo ndilo lililonitoa usingizi, na anayeliita ruqya aucheleweshe ulimi wake kabla ya kutoa fatwa.

Kisha tazama nani anaambiwa. Kalamu ya kuandika madhambi imenyanyuliwa kwa aliyelala mpaka aamke. Sharia yenyewe haimwamrishi mtu akiwa usingizini, nawe unamwamrisha swala saa nane za usiku akikoroma!

Dada yako naye amevuka mpaka upande wa pili. Nadhani ameikumbuka hadithi inayoitaja tiwala, ile dawa ya kumpendezesha mke kwa mume, kuwa ni shirki. Ameiogopa mahali pa kuogopwa. Ila tiwala ni mambo ya majini na hirizi, na kilichomo kwenye spika yako ni sauti yako mwenyewe. Asikuite mchawi. Ninachokubaliana naye ni kwamba umekwenda kuchunga karibu sana na uzio.

Na hiyo teknolojia ya Marekani? Kweli mwaka 1992 Oliver Lowery alipewa hataza huko kwa mfumo wa kubebesha maneno kwenye mitetemo ambayo sikio haliipati vizuri. Hataza hulinda wazo lisiibiwe, haishuhudii kwamba limemtoa mtu baa. Isitoshe, faili la MP3 hupunguzwa ukubwa kwa kutupa au kufifisha sauti zilizofunikwa na kubwa zaidi. Yaani mnong'ono wako ndio unaotangulia kutupwa. Huenda umelipia elfu arobaini kwa Ar-Rahman unayoipata bure msikitini.

Utaniuliza, mbona amepoa? Mwaka 1991 mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake walichapisha jaribio la kanda za namna hii. Watu walipewa za kuongeza kumbukumbu na za kujiamini, na baadhi zikabadilishwa lebo bila wao kujua. Baada ya mwezi kanda hazikuonekana kufanya kazi iliyotangazwa, lakini watu walijiona wamebadilika kufuatana na lebo. Wewe lebo uliiandika mwenyewe, dada yangu, na kwa moyo wote.

Tena nikuulize kwa heshima: tangu uwe na spika, bado unampokea mlangoni kwa ukali? Sidhani. Mtu mwenye tumaini chini ya kitanda halumbani. Huenda kilichompoza ni wewe. Na kama Mwenyezi Mungu amemgeuza moyo, basi ni Yeye, na mume ana sehemu yake. Shetani mwenyewe atasema Siku ya Kiyama kwamba hakuwa na mamlaka juu yetu ila alituita tukamwitikia. Kama yeye hawezi kumsukuma mtu, memori kadi itaweza?

Dhambi uliyoifanya kwa kutojua, kwa nia ya kumwokoa mumeo, nataraji msamaha. Istighfari inatosha, kafara huna. Ila tangu leo acha, maana sasa umeshajua.

Pombe ilipoharamishwa Madina, mnadi alipita akitangaza. Sahaba Anas alikuwa akiwamiminia watu nyumbani kwa Abu Talha, wakaisikia sauti wakiwa macho, wakaimwaga mpaka ikatiririka njiani. Mumeo mwambie akiwa macho. Siyo usiku anaporudi ananuka, wala mbele ya watoto. Asubuhi ya siku ya mapumziko, chai ikiwa mezani, mwambie maneno yale yale matatu uliyoyarekodi. Akikataa, Qur'ani imetaja mwamuzi wa upande wake na wa upande wako. Mtafute baba yake mdogo au yeyote anayemstahi. Akikupiga au akikunyima matumizi, hilo ni swali jingine na usilingoje, njoo.

Faili lifute, Ar-Rahman yenyewe ibakize. Spika ni mali yenu. Kwa kijana wa kibanda ukadai elfu arobaini zako. Akikataa, mwambie aje anione baada ya Alasiri.