Breki za MX-5 ya 1.8 kwenye MX-5 ya 1.6

Ndugu, umeuliza kama breki za gari la Mazda MX-5 lenye injini ya lita 1.8 zinaingia kwenye yako ya 1990 yenye injini ya lita 1.6, na kama unaweza kubadilisha za mbele tu. Zinaingia bila kuchomelea chochote. Diski za mbele zinatoka milimita 235 hadi 255, na rimu za inchi 14 bado zinatosha. Chukua diski pamoja na breketi zake, yaani vishikilio vya kalipa, kile kifaa kinachobana diski.

Za mbele tu? Hapo nakusihi usifanye. Ukiongeza nguvu mbele na nyuma ukaacha vilevile, tairi za mbele zitajifunga mapema huku za nyuma zikibaki hazifanyi kazi yake yote, na gari linaweza kusimama mbali zaidi kuliko zamani. Badilisha zote nne.

Tena ujue, anayesimamisha gari ni tairi. Diski kubwa inasaidia hasa kuhimili joto ukikanyaga breki mfululizo. Mipira ya kupitishia mafuta ya breki ikiwa ya zamani weka mipya, mimina mafuta mapya ya breki, kisha toa hewa yote kwenye mfumo wa breki kabla hujaingia barabarani.