Nafuu ya wiki ya kwanza isikuachishe dawa ya sonona

Mama wa Ngamiani akianza fluoxetine, dawa ya sonona, Jumatatu na kufikia Ijumaa moyo umekuwa mwepesi, mara nyingi kidonge chenyewe bado hakijafanya kazi yake. Dawa hii, kwa kawaida miligramu 20 kwa siku, huhitaji wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana na wiki 6 hadi 8 kufikia nguvu yake. Wepesi wa siku ya 4 umetoka kwingine: kusikilizwa bila kukatizwa, kuambiwa kwamba hali hii ni ugonjwa na una tiba, kurudi nyumbani na tumaini. Nafuu ya namna hii wataalamu huiita athari ya plasebo.

Nafuu hiyo ni ya kweli. Katika majaribio ya dawa za sonona, wagonjwa 35 hadi 40 katika kila 100 wanaomeza kidonge kisicho na dawa hupata nafuu kubwa. Kwa wanaomeza dawa ni kama 50. Baadhi yao wangeinuka hata bila kidonge, maana mtu huenda hospitali akiwa amezidiwa, na baada ya hapo hali huweza kupanda yenyewe. Lakini uchambuzi wa mwaka 2018, wenye majaribio 522, ulikuta dawa zote 21 zilizopimwa zinakishinda kidonge hicho kisicho na dawa.

Kinachowaponza wengi ni kuacha vidonge wiki ya pili kwa kuwa "nimeshapona". Huzuni ikirudi, lawama huenda kwa dawa, au kwa jirani mwenye jicho baya.

Huku Tanga kombe la zafarani, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa, humpa mwenye imani utulivu, na hatuoni sababu ya kumzuia. Hatari ni kusimamisha vidonge ili kombe libaki peke yake, au kuongeza mitishamba bila kumwambia daktari.

Ili usidanganywe na siku nzuri wala siku mbaya, pima kwa daftari. Omba kliniki fomu ya maswali 9 ya kupima sonona (PHQ-9), uijaze kila baada ya wiki 2. Kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama zikishuka kwa nusu kufikia wiki ya 8, tiba inakwenda vizuri. Zisiposhuka hata 5 baada ya wiki 4 hadi 6, rudi, dozi iangaliwe. Swali la mwisho ni la mawazo ya kufa au kujidhuru: ukijibu chochote zaidi ya 0, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo pamoja na mtu wako.

Matarajio huumiza pia. Mgonjwa aliyeambiwa na mawifi kwamba vidonge vitamfanya zezeta huona kila kizunguzungu kuwa ushahidi. Mwambieni mapema ukweli: kichefuchefu na kichwa kuuma ni vya kawaida siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua. Fluoxetine ameze asubuhi baada ya chai, hasa kama usingizi unampotea. Amitriptyline, dawa nyingine ya sonona, ni ya usiku, hukausha mdomo, na vidonge vingi kwa mkupuo huua. Vitunzwe na ndugu.

Jambo moja linasahaulika sana kwa waliojifungua karibuni: tumaini haliongezi damu. Uchovu usioisha huenda ni upungufu wa damu, si sonona tu, hivyo uombewe kipimo cha damu, na ikiwezekana cha tezi ya shingo.

Akishapona, aendelee angalau miezi 6, kisha daktari ampunguzie taratibu.