Usimalizie malipo hayo, mwanangu

*Shangazi mpendwa, mimi ni mjane wa miaka 47, nina duka la vitenge Muheza. Mwaka jana nilifahamiana mtandaoni na mwanaume anayesema ni daktari wa Jeshi la Marekani aliyeko Syria, na tumekwisha kuahidiana ndoa. Alinitumia kifurushi cha dhahabu, kikakwama uwanja wa ndege Dar es Salaam. Kati ya kibali chake cha likizo, ushuru, bima na cheti, nimelipa shilingi milioni 6.8, nyingi zikiwa mkopo wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Sasa wakala anadai milioni 2.5 za mwisho. Nimalizie? Na wanakikundi wenzangu niwaambie nini?*

Mwanangu, usitume hata shilingi moja zaidi. Kifurushi hicho hakipo, wakala huyo si wakala, na malipo haya ya mwisho yatafuatwa na mengine yatakayoitwa ya mwisho. Najua maneno haya ni mazito kwa mtu ambaye kwa miezi mingi ameamkia salamu ya "mke wangu", kwa hiyo nitakueleza kwa nini nayasema bila kusita.

Ushuru wa forodha hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo. Hautumwi kwenye simu ya mtu binafsi. Umeniandikia kwamba kila ulipotaka kuthibitisha muamala, simu ilikuonyesha jina la mtu wala si la kampuni ya mizigo, na kwamba mara ya tatu jina hilo lilibadilika. Risiti uliyoambatisha ina mihuri mitatu ya rangi tofauti, lakini haina namba hata moja ya kuhakiki. Ama kuhusu kibali cha likizo, kitengo cha upelelezi wa jinai cha Jeshi la Marekani kimekuwa kikionya kwamba askari hatozwi fedha ili aende likizo, wala mchumba wake hadaiwi.

Unajiita mjinga, nami nakukatalia. Mwaka 2022 pekee, watu karibu 70,000 waliripoti utapeli wa mapenzi kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, na hasara waliyoieleza ilifikia dola bilioni 1.3, nusu yao wakipoteza dola 4,400 au zaidi kila mmoja. Tume hiyo ilipochambua uongo unaotumika zaidi, ilikuta ugonjwa, ajali au jela ukiongoza, na nyuma yake mwanajeshi aliyeko mbali na mzigo muhimu unaohitaji msaada. Umeandikiwa hadithi iliyokwisha kujaribiwa kwa maelfu ya watu kabla yako, wakiwemo wasomi na wenye mali, na hao ni wale tu waliothubutu kusema.

Huenda hata anayekuandikia si mtu mmoja. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine wapatao 100,000 Cambodia huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, ukiwemo huu wa mapenzi. Sijui kama wako anatoka huko, lakini mapenzi uliyoyahisi yalikuwa yako na yalikuwa ya kweli, na hayo huna sababu ya kuyaonea haya.

Leo hii, kabla hujamfungia, hifadhi mazungumzo yote, ile risiti na jumbe za miamala. Usimweleze kwamba umegundua, maana atalia, ataapa, kisha ataanza kutisha. Ipigie simu kampuni ya mtandao uliotumia kutuma fedha uwape namba za miamala; iliyokwisha kutolewa ni vigumu kurudi, lakini ya karibuni inafaa kujaribiwa. Namba za matapeli zipeleke kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako.

Kuhusu kikundi, usisubiri siku ya kikao. Mwendee mwenyekiti pamoja na mweka hazina, uwaoneshe RB na jumbe zenyewe, uwaambie mkopo ulikwenda wapi, na uombe ratiba ya marejesho inayolingana na mauzo ya duka. Fedha ile ni jasho la akina mama wenzako, nao wana haki ya kuusikia ukweli kutoka kinywani mwako. Wapo watakaokasirika. Hata hivyo, ni afadhali hasira yao kuliko kukimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili kuziba pengo kimyakimya, kwani huko duka lenyewe litakwenda.

Jambo moja zaidi. Majina ya waliotapeliwa huuzwa, na baada ya wiki chache anaweza kukupigia mtu akijiita mwanasheria au ofisa wa polisi wa kimataifa, akidai fedha zako zimepatikana na kwamba kinachohitajika ni ada ndogo tu ya kuzifungulia. Huyo ni wa kundi lile lile au amenunua namba yako kwao. Kata simu, na namba yake nayo uipeleke 15040.